Njia ya Joto Katika Miguu ya Vyombo Vidogo vya Umeme

Mhunzi akitia ncha ya ufito wa chuma motoni, baada ya muda hawezi tena kuushika upande wa pili kwa mkono mtupu, ijapokuwa upande ule haukugusa moto. Mpishi naye ajua ya kwamba kijiko cha madini kikiachwa ndani ya sufuria ya uji kitamchoma vidole, walakini mwiko wa mti haumchomi. Mambo haya twayajua sote tangu utoto wetu. Lakini ni wachache waliopata kufikiri ya kwamba jambo hilo hilo, yaani safari ya joto ndani ya madini, ndilo liamualo kama redio ya mtu itasema kwa miaka mingi au itanyamaza mwezi ujao, na kama taa ya sola iliyonunuliwa kwa fedha ya mavuno itaangaza mpaka mavuno mengine.

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi joto litokavyo katika vile vyombo vidogo vilivyomo ndani ya redio, ndani ya taa ya sola, na ndani ya kisanduku cha kuchajia simu. Mafundi huviita rizista, dayodi, transista na majina mengine. Na zile waya mbili au tatu zitokazo mwilini mwake huziita miguu. Jina hili ni jema, nasi tutalitumia. Watu wengi hudhani ya kwamba kazi za miguu ni mbili tu: kupitisha umeme, na kukishika chombo mahali pake. Iko kazi ya tatu, nayo ni kutoa joto; na kwa chombo kidogo kazi hii ya tatu ndiyo ya kufa na kupona.

Kwanza tuulize joto lenyewe latoka wapi. Mwingereza James Prescott Joule alionyesha katika mwaka 1841 ya kwamba mkondo wa umeme upitao katika waya huzaa joto, tena ya kwamba mkondo ukizidishwa mara mbili joto huzidi mara nne. Rizista ni chombo cha kuupinga mkondo, na nguvu zote zinazopotea ndani yake hugeuka kuwa joto. Dayodi ni mlango uruhusuo umeme kwenda upande mmoja tu, nayo hutoza ushuru wake mlangoni. Ushuru huo ni joto. Basi joto si dalili ya ubovu. Chombo kizima kina joto, kama mtu mzima alivyo na joto mwilini. Ubovu huanza joto likizaliwa upesi kuliko litokavyo.

Litatokaje? Chungu cha maji ya moto kikiwekwa chini hupoa kwa sababu hewa hukizunguka na kulichukua joto lake, na joto jingine huondoka kwa miali isiyoonekana, kama ile tuionayo usoni tukikaa mbele ya moto. Huenda mtu akadhani ya kwamba dayodi nayo hupoa vivyo hivyo. Lakini tuipime ngozi yake. Dayodi iitwayo 1N4007, ambayo ni shida kumpata fundi redio asiyekuwa nayo koponi, ina mwili wa urefu wa milimita 5 hivi na unene wa milimita 2 na nusu. Ni ndogo kuliko punje ya mahindi. Ngozi yake yote ni kiasi cha milimita za mraba 50. Mkondo wa ampea 1 ukipita ndani yake bila kukatika, huzaa karibu wati 1 ya joto. Tumefanya hesabu, tukaona ya kwamba kama joto hilo lingekuwa na njia ya ngozi tu, dayodi ingepanda digrii elfu moja hivi za sentigredi juu ya hewa iliyoizunguka. Yaani ingekufa mapema sana, kwa maana aghalabu dayodi hizo hazitakiwi kupita digrii 150 ndani yake. Na kumbe hazifi; hufanya kazi miaka na miaka. Sababu ni kwamba joto lake halikungoja kutoka ngozini, bali limeshuka kwa miguu miwili mpaka kwenye ubao, ambao mafundi huuita bodi, na humo likatawanyika.

Mwaka 1822 mtaalamu Mfaransa, Joseph Fourier, alichapisha kitabu kikubwa juu ya hesabu za joto. Hesabu zake ni ngumu, lakini shina lake laweza kufahamika kwa mkulima ye yote wa Kilimanjaro aliyechimba mfongo wa kuleta maji shambani. Mfereji mpana hupitisha maji mengi kuliko mwembamba. Mfereji mfupi wenye mteremko mkali huyaleta maji upesi kuliko mfereji mrefu ulioanzia kimo kile kile. Tena udongo nao una neno lake: mfereji wa mchanga hupoteza maji yatakayofika salama katika mfereji wa udongo mfinyanzi. Kwa joto ni vivyo hivyo. Upana wa mfereji ni unene wa mguu. Urefu wake ni urefu wa mguu. Kimo ni tofauti ya joto kati ya kichwa na mwisho. Na udongo ni aina ya madini ambayo mguu umefanyizwa.

Katika habari ya madini tofauti zake ni kubwa kuliko watu wengi wadhanivyo. Shaba nyekundu hupitisha joto mara 5 hata mara 8 kuliko chuma, kwa kadiri ya aina ya chuma chenyewe. Ukiilinganisha na plastiki iliyofunika mwili wa dayodi, shaba huishinda zaidi ya mara 1,000. Na ukiilinganisha na hewa iliyotulia, huishinda zaidi ya mara 10,000. Fedha peke yake, katika madini ya kawaida, huipita shaba, tena kwa kidogo tu. Nayo ni ghali mno kufanywa miguu ya rizista.

Msomaji asikubali neno letu bure, maana jambo hili laweza kujaribiwa jikoni. Karne mbili na zaidi zilizopita tabibu Mholanzi, Jan Ingenhousz, aliyeishi tangu 1730 mpaka 1799, alizilinganisha fito za madini mbalimbali kwa kuzipaka nta na kuzitia joto ncha moja, akaangalia nta iyeyukavyo katika kila moja. Mwanafunzi naye aweza kutwaa kipande cha waya wa shaba kutoka katika kebo kuukuu, na kipande cha waya wa chuma wa kufungia, viwe na unene mmoja na urefu wa shibiri. Ayadondoshee matone ya nta ya mshumaa, yaachane kwa upana wa kidole. Kisha azifunge ncha mbili pamoja na kuzitia katika mwali wa taa, akishika ncha nyingine kwa kitambaa kinene. Ataona matone ya shaba yakianguka mmoja baada ya mwingine kuelekea mkononi, na ya chuma yakichelewa, na ya mwisho huenda yasianguke kabisa. Tena atafahamu kwa nini tumesema kitambaa.

Sasa turudi kwenye miguu. Ukiitazama kwa macho, miguu yote hung'aa sawasawa, kwa kuwa hupakwa bati ili lehemu ishike vema. Lakini ndani ya bati hiyo huenda mna shaba tupu, na huenda mna chuma kilichovikwa shaba nyembamba, kwa sababu chuma ni rahisi. Sumaku ya spika mbovu yatosha kuamua: ikiuvuta mguu, moyoni mwake mna chuma. Hatusemi ya kwamba rizista ya namna hiyo ni ya kutupwa. Kwa kazi ndogo yafaa sana, na watengenezaji huihesabia kadiri yake. Ila fundi akiwa na mbili mezani, moja ya shaba na moja ya chuma, na mahali palipoungua ni pale pale palipopata kuungua zamani, asichague kwa kupiga bahati nasibu.

Urefu wa mguu ndio ulio mkononi mwa fundi kabisa, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Tuchukue mguu wa shaba wenye unene wa milimita 0.8, ambao ndio wa dayodi tuliyoitaja. Ukiwa na urefu wa milimita 10, basi ili upitishe wati 1 ya joto, sharti kichwa chake kipite mwisho wake kwa digrii 50 hivi. Dayodi ina miguu miwili, kila mmoja huchukua nusu ya mzigo, basi tofauti yawa digrii 25. Fundi akiiacha miguu mirefu, tuseme milimita 30 kila mmoja, tofauti yawa digrii 75. Kama bodi mahali pale ina digrii 60, jambo ambalo si la ajabu ndani ya kisanduku kilichofungwa na kuwekwa juani, basi shingo ya dayodi ya kwanza ina digrii 85, na ya pili ina digrii 135. Na bado hatujahesabu kipande cha safari kilicho ndani ya mwili wenyewe, kutoka kwenye moyo wa silikoni mpaka shingoni. Ni kweli ya kwamba mguu mrefu hupoteza joto kidogo hewani njiani, lakini waya mwembamba hivyo hauna ngozi ya kutosha kuibadili hesabu hii sana. Ya kwanza itadumu. Ya pili imekaribia ukingo, na siku ya jua kali itauvuka.

Wenye viwanda walilijua jambo hili tangu mwanzo. Katika karatasi za maelezo ya dayodi za jamaa ya 1N4001 mpaka 1N4007, imeandikwa ya kwamba kila moja yaweza kuchukua ampea 1. Wanunuzi huishika tarakimu hiyo, wakaacha maneno yaliyo kando yake, nayo ndiyo yenye sharti: hewa iwe digrii 75, na urefu wa mguu uwe thumuni tatu za inchi, yaani milimita 9.5. Hapana sharti hilo, hapana ampea hiyo. Wauzao bidhaa kwa kuitaja nguvu na kuficha sharti wapo katika kila biashara, lakini hapa sharti limechapishwa wazi. Lililobaki ni kulisoma.

Walakini kufupisha mguu hakufai kitu ikiwa pale ulipofikia hapana mahali pa kulipokea joto. Shaba iliyobandikwa juu ya bodi ni nyembamba mno, aghalabu milimita 0.035. Ukanda wake wenye upana wa milimita 1 una tumbo dogo mara 14 kuliko mguu wa dayodi yetu. Mfereji mpana umemwaga maji yake katika mlizamu! Kwa hiyo watengenezaji waangalifu huacha uwanja mpana wa shaba penye miguu ya vyombo vya moto, ili joto litandae na kupata ngozi kubwa ya kutokea hewani. Fundi akikuta uwanja huo umeng'oka kwa kulehemiwa mara nyingi, na akaunganisha kwa kipande cha waya mwembamba, umeme utapita vizuri, redio itasema, mwenye redio atalipa na kwenda zake kwa furaha. Joto nalo limefungiwa ndani. Chombo kile kile kikifa tena baada ya wiki chache, watu husema ya kwamba spea za siku hizi ni mbovu.

Hapa msomaji mwenye macho makali atatupinga. Atasema: tumefungua redio na mashine nyingine, tukaona rizista kubwa zimesimamishwa juu ya miguu mirefu kama korongo majini, je, waliozitengeneza hawakujua? Walijua sana. Rizista kubwa ya waya uliozungushwa juu ya kauri yaweza kuvumilia digrii 200 na zaidi bila kudhurika. Lakini lehemu ya bati na risasi, ile itumiwayo sana na mafundi, huyeyuka penye digrii 183, na bodi huanza kuwa nyeusi na kumomonyoka kabla ya hapo. Rizista hiyo ikilazwa juu ya bodi kwa miguu mifupi, itawaunguza wenyeji wake. Kiungo cha lehemu kitapanuka na kusinyaa kila siku mpaka kipasuke kwa ufa mwembamba kama unywele, na redio itakuwa ya kusema ikipigwa kofi. Kapasita zenye maji ya dawa ndani yake, zikiwa jirani, hukauka. Mafundi wa mambo haya hukadiria ya kwamba kila digrii 10 zikizidi, umri wa kapasita hupungua nusu. Kwa hiyo rizista kubwa huinuliwa kusudi joto lisishuke, liende hewani. Nayo ina ngozi kubwa ya kulitoa. Dayodi hufa kwa joto lake yenyewe, basi ifupishwe miguu. Rizista kubwa huua jirani zake, basi irefushwe. Sheria ni ile ile moja, ila tumebadili tunayemlinda.

Njia inayotoa joto yaweza pia kuliingiza, na jambo hili liliwatesa mafundi wa zamani. Transista ya kwanza ilifanikiwa mwezi wa Desemba 1947 katika maabara ya Bell huko Marekani, kwa kazi ya John Bardeen na Walter Brattain, waliokuwa katika kundi la William Shockley. Moyo wake ulikuwa wa gerimaniamu, na hata baadaye, redio ndogo za betri zilipoenea, transista nyingi zilikuwa za gerimaniamu, ambayo haistahimili moto: nyingi hazikupaswa kupita digrii 75 hata 90 ndani yake. Fundi akagusa mguu kwa chuma cha kulehemia chenye digrii 300 na zaidi, na joto likapanda mguuni kama lilivyopanda katika ufito wa mhunzi, likamwua mgonjwa mikononi mwa tabibu. Dawa ilikuwa rahisi: kuubana mguu kwa koleo yenye mdomo mrefu, kati ya kiungo na mwili. Koleo ni ya chuma, na tumesema ya kwamba chuma huzidiwa na shaba. Lakini ni nene mara nyingi kuliko mguu, na baridi yake hulinywa joto kabla halijapita. Transista za silikoni za leo huvumilia zaidi, na lehemu ya upesi haiziui. Hata hivyo mazoea yale ya koleo ni mazuri, hasa kwa taa ndogo za LED, ambazo plastiki yake hulegea ikipata moto na kuiachia miguu ivute ule uzi mwembamba wa ndani ukakatika.

Taa hizo za LED zastahili neno lake zenyewe, kwa kuwa ndizo zilizoshika mahali pa koroboi katika nyumba nyingi. Ile ya mviringo yenye unene wa milimita 5 ina kijiwe cha kuangaza ambacho ukubwa wake ni kiasi cha theluthi ya milimita. Kijiwe hicho kimezama katika plastiki angavu, ambayo ni adui wa joto. Ukiitazama kwa ubavu utaona ndani vipande viwili vya madini, kimoja kikubwa chenye kikombe. Kijiwe kimekaa kikombeni, na katika taa nyingi za namna hiyo kikombe hicho ni kichwa cha mguu wa hasi, ambao aghalabu ndio mfupi. Mguu wa pili hugusana na kijiwe kwa uzi mwembamba mno tu. Basi joto lote, au karibu lote, hushuka kwa mguu mmoja. Taa hiyo imekusudiwa mkondo wa miliampea 20 kwa volti 3 hivi, yaani wati 0.06, na mguu mmoja huutosha mzigo huo. Lakini mwenye haraka ya kuuza huipa mkondo mara mbili au mara tatu ili iwake sana dukani. Mnunuzi huvutwa na weupe ule. Baada ya miezi michache mwanga umefifia, na mwanafunzi asogeza kitabu karibu zaidi na zaidi. Betri husingiziwa, hununuliwa nyingine, na mwanga haurudi, kwa maana kilichochoka ni kijiwe, na kilichokichosha ni joto lililokosa njia pana.

Kwa sababu hiyo taa zenye nguvu zaidi zilibadilishwa umbo. Hazina tena miguu ya waya. Zimekaa bapa, na kijiwe kimelala juu ya bamba la madini lililolehemiwa juu ya bodi yenye aluminiamu mgongoni. Mguu umefupishwa mpaka ukawa si mguu tena, nao umepanuka ukawa sawa na mwili mzima. Chipu nyingi za ndani ya simu na redio za leo zimefanywa vivyo hivyo: ukizipindua, utaona mraba wa madini tumboni ambao mara nyingi haukuwekwa kwa ajili ya umeme, bali joto lishukie hapo. Fundi aking'oa chipu ya namna hiyo na kuirudisha huku amelehemu vijiguu vya pembeni peke yake, itaamka na kufanya kazi mbele ya mwenyewe, na kipimo cha umeme hakitaonyesha kosa lo lote. Kosa litaonekana kwa kidole baada ya robo saa.